Aliyoyasema Dokta Agron Kwenye Arobaini ya Mama

Jumatatu, 13 Aprili
Simu tangu tunafungua mlango wa kliniki. Kila mtu anataka kuonwa leo leo, na kila mtu anadhani mie ndiye niliyemficha daktari. Dokta Agron kachelewa tena. Alikuwa anagonga milango ya watu kuomba kura. Anataka udiwani. Mualbania wa Kosovo, kaingia nchi hii mkimbizi, kawatibu watu wa Barking, hapa London, miaka na miaka, sasa anataka uheshimiwa. Haya! Wagonjwa nao vituko. Juzi wamemkuta sokoni anagawa vipeperushi, Bi Mkasi akavua kiatu pale pale atazamwe kidole. Nimecheka mpaka machozi. Mara ya kwanza tangu Mama afariki.

Jumatano, 15 Aprili
Dokta kaomba aje arobaini ya Mama. Alimtibu yeye, kwa hiyo nimefurahi. Mdogo wangu Salum kanuna. "Huyo anafuata kura, dada." Nikamwambia aache roho mbaya.

Jumapili, 19 Aprili
Bado sijavua baibui. Naandika hivyo hivyo.
Hitma imesomwa, dua imepita, ukumbi kimya. Kwetu hapo zinasubiriwa sinia za pilau tu. Dokta akainuka. Sisi wanawake tuko chumba cha pili, tunasikia kwa spika. Akatoa pole, sawa. Kisha akasema Mama alikuwa jasiri. Kwamba alipoambiwa ana kensa ya tumbo alikataa kupasuliwa, akaomba watoto wake wasiambiwe. Mwaka mzima. Na kwamba watu kama Mama ndio waliomfanya agombee.
Sisi tunajua Mama kafa kwa moyo, ghafla. Kensa! Mwaka mzima nakaa na Dokta jengo moja, nampelekea chai, na yeye anajua. Faili la Mama sikuwahi kulifungua, maana kazi hairuhusu kuchungulia ya ndugu.


Jumatatu, 20 Aprili
Sikwenda kazini. Dokta kaja na maua. Nimemwacha kasimama mlangoni. Anasema kwao mtu akifa wanaume hukaa pamoja, na kila mgeni husimulia ushujaa wa marehemu. Kunyamaza ni dharau. Alidhani ule ukimya ni zamu yake.
Namuamini, wallahi. Lakini vipeperushi alivyogawa nje baada ya pilau navyo ni mila? Kwetu maiti husitiriwa. Yeye kamvua Mama mbele ya watu wote. Maua sikuyapokea.

Ijumaa, 24 Aprili
Salum anataka tumshitaki. Hata aliyekufa, siri yake kwa daktari inabaki siri, ndiyo sheria ya hapa. Tukipeleka malalamiko, udaktari unaweza kumtoka na udiwani pia. Na kliniki ni yake, mie nitakula wapi? Binti yangu kanijibu kwa Kiingereza chake: mshitaki tu, basi. Rahisi kwake.
Bi Mkasi kapiga simu kuuliza kama kensa ya Mama ni ya kurithi. Nimemkatia.
Nina hasira. Na Dokta, ndiyo, lakini zaidi na Mama. Mie niliyekuwa namkanda miguu kila siku. Kwa nini asiniambie mie?

Alhamisi, 7 Mei
Kura leo. Sikwenda. Malalamiko nimeyatuma.

Ijumaa, 8 Mei
Kashinda. Kliniki wamempigia makofi, wameleta keki. Sikula.
Wenzangu walipoondoka nikamwambia usoni kwamba nimemshitaki. Akasema nimefanya haki. Hakujitetea. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, sikupata.
Basi nikamuuliza lile linaloniua. Mama alisema nini? Kwa nini mie nisijue?
Jibu analo. Nililiona machoni mwake. Akavuta kiti, akakaa, akaangalia mikono yake. Mwisho akasema, "Hilo aliniambia mimi, Bi Zuwena. Siwezi."
Leo ndiyo hawezi! Nilitaka kumtukana. Nilitaka nimpigie magoti aseme. Na angesema, nisingemtazama tena maisha yangu yote.
Nikazima kompyuta. Nikavaa koti. Akanifungulia mlango, nikamwambia kwaheri, nikaenda kusubiri basi.