Wodi Juu ya Tope la Ziwa

Jumatatu, 4 Machi
Nimeingia kikaoni na sanduku la udongo tuliouchimba bondeni. Mkurugenzi wa hospitali — Bwana Tambarare, maana kiwanja kikiwa bapa tu moyo wake umeshatulia — akakunja pua kama nimemletea mzoga. Nikaeleza: enzi za kale barafu ya mlimani iliziba mdomo wa bonde, maji yakajaa, likawa ziwa. Barafu ikaachia, ziwa likaondoka, tope likabaki. Ndilo analotaka kulibebesha wodi ya wazazi. Ghorofa tatu!

Akauliza ziwa liko wapi, mbona haoni hata chura. Kicheko! Mhandisi wetu kacheka kuliko wote. Cheo kitamu.

Jumatano, 6 Machi
Nimempandisha mkurugenzi mlimani, na viatu vyake vya harusini. Nikamwonyesha zile ngazi za ardhi ubavuni, kokoto zake za mviringo. Kila ngazi ni ufuko. Maji yalitua hapo, yakashuka, yakatua tena. Kasema ni njia za mbuzi. Mbuzi gani hao, wasawazishe njia pande zote mbili za bonde!

Tukafika kwenye jiwe kubwa kama nyumba, peke yake. Nani kalileta? Barafu, nikajibu. Akaniuliza kama nimekula.

Ijumaa, 8 Machi
Dada kapiga simu. Yeye ni mkunga hapo hapo hospitalini. Wodini kwake kina mama wanalala wawili wawili kitanda kimoja. Nikamwambia nguzo zikishushwa mpaka kwenye mwamba, mita kumi na nane, jengo litasimama. Ni miezi mitano zaidi tu.

“Mdogo wangu, uchungu wa uzazi haungoji miezi mitano.”

Akakata. Kwa mkurugenzi nina majibu gunia zima. Kwa dada, nimebaki kuhesabu vitanda.

Jumanne, 12 Machi
Mvua siku tatu. Stoo ya saruji waliyoijenga kiwanjani wiki mbili tu zilizopita imelala upande — vidole vinne! Mhandisi kasema pima maji ni mbovu. Wakaleta nyingine. Nayo mbovu. Maskini, siku hizi vifaa vyote vimeungana dhidi ya mhandisi.

Alhamisi, 14 Machi
Ripoti yangu imerudi imekonda. Ukurasa wa ziwa hamna. Limekauka mara ya pili. Kesho nitie saini.

Ijumaa, 15 Machi
Naandika kwa penseli, ofisini kwa mkurugenzi. Mjanja huyu! Kamleta dada, na sare yake ya kazi, aje anilainishe. Nikashika kalamu. Nikamwambia dada habari ya stoo, vile vidole vinne. Akamgeukia mkurugenzi: binti yake mjamzito atajifungulia wodi hii?

Akakohoa. Eti binti keshapangiwa kwingine, kwa wataalamu.

Dada akaninyang'anya kalamu.

“Kumbe!” akasema. Basi.

Mkurugenzi katoka na simu. Ukuta mwembamba, namsikia: anamtaka mhandisi aje asaini yeye. Sasa anafoka — homa gani hiyo ya ghafla, asubuhi si alikuwa mzima!

Amerudi. Ananyoosha mkono apewe kalamu. Dada kaikalia.