Kitabu Nilichokisoma Nusu

Mjukuu wangu Zuhura,

Assalamu alaykum. Huku Chumbi tu wazima. Mguu wa bibi yako umepoa, na mama yako mdogo kajifungua salama mtoto wa kike.

Unauliza kama vitabu vinaweza kukufundisha kuongoza hao watu wa ofisini kwako. Vinaweza, ila visome mpaka mwisho. Ujanani nilichaguliwa mwenyekiti wa kikundi cha mpunga kwa sababu nilikuwa na kitabu cha uongozi. Nilikuwa nimefika katikati tu, paliposema kiongozi hasiti. Nikaamuru tupande bonde la chini. Bi Tatu, aliyelima pale tangu usichana wake, akasema, "Mwanangu, mwaka huu maji yatawahi."

Nikamjibu mbele ya watu, "Mwenyekiti nani hapa?"

Akapanda na wenzake. Maji yakawahi kweli, mafuriko yakazoa mpunga wote kabla haujakomaa. Tulichokula mwaka ule tusikitaje.

Nikiwa sina cha kuvuna, nikamaliza kitabu. Sura ya mwisho ilisema: kabla hujaamua, muulize atakayeifanya kazi. Niliona haya sana. Msimu mpya ulipoanza nikamwomba Bi Tatu radhi mbele ya kikundi kizima, nikamuuliza tupande wapi.

Akanijibu, "Ungeniuliza mwaka jana tungeshiba. Haya, twende nikuonyeshe."

Akatangulia yeye, nami mwenyekiti nikamfuata nyuma na jembe langu, na wala sikuona kama nimepungukiwa na kitu.

Babu yako akupendaye,
Salum