Choo Kimemwamkia Mama Mkwe

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie maana ndoa inaniponyoka. Mimi ni mwandishi wa programu, vifaa vyote vya nyumbani kwangu vinaendeshwa na kompyuta, mlango, jiko, feni, hadi choo, na shida ilianza mama mkwe aliposema anakuja kukaa nasi, nami mbele yake ulimi hunikauka, sijui kwa nini, basi nikaona niufundishe mlango useme "Shikamoo mama, karibu" ili mimi nijifiche jikoni, lakini kwa uvivu sikuiandika salamu kwenye klasi ya mlango, yaani ule mchoro unaouambia kila mlango ufanye nini, nikaiandika kwenye metaklasi, kule juu klasi zenyewe zinakotengenezwa, kwa hiyo kila klasi ikazaliwa na salamu mdomoni.

Mama akaingia, mlango ukamwamkia, akafurahi, "Marahaba mwanangu," jiko likamwamkia, feni nayo, akawa anaitikia tu, hadi alipoingia chooni, akaketi, na choo kikasema kwa sauti nzito, "Shikamoo mama, karibu." Mshauri, alitoka mbio ameshikilia nguo! Mke wangu akanigeukia, "Umemdhihaki mama yangu!" Nikafuta salamu kwenye klasi ya choo, kukawa kimya, kumbe asubuhi kompyuta ya nyumba ikajiwasha upya, klasi zikatengenezwa upya, na choo kikaamka na adabu zake zote. Mama kaondoka, mke wangu kamfuata, anasema harudi kwenye nyumba yenye choo kinachoongea. Nifanyeje?

Mkwe Mwenye Haya

Mkwe Mwenye Haya, pole, lakini wewe nawe! Nilipomsomea barua yako binti yangu, ambaye naye ni wa kazi hiyohiyo, alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akanieleza, na mimi nakueleza wewe uliyesomea. Choo hakina kosa. Kifaa kikiambiwa "amkia", chenyewe hakijui lolote, kinauliza klasi yake, na klasi isipojua inamuuliza mzazi wake, hivyohivyo mpaka juu. Klasi nayo ina mkubwa wake, ndiyo hiyo metaklasi, na huko ndiko ulikoacha amri kwamba kila itakayozaliwa iamkie watu. Halafu unakwenda kukiadhibu choo? Unapiga deki na bomba umeliacha wazi.

Leo hii nenda kwenye metaklasi, futa. Salamu ipeleke kwenye klasi ya mlango, ikae hukohuko. Tena hapana, ngoja. Hata mlango usiuwekee! Mama wa watu hakufunga safari kuja kuamkiwa na mbao. Amekupa binti yake, wewe unajificha nyuma ya sufuria, mtu mzima mzima, huoni aibu?

Nenda kwake. Piga hodi, mwamkie kwa mdomo wako, mwombe radhi, ndipo umwombe mkeo arudi. Ulimi ukikauka, kunywa maji kwanza. Na ukikuta aliyefungua ni mama mwenyewe, usikimbie.