Saini za Bugwema

Kaka yangu Bwire,

Shikamoo. Huenda umeuona mwandiko wangu kwenye bahasha ukaiweka kando kwanza, na sikulaumu. Nimeandika kwa kalamu kwa sababu simu zangu hupokei, na meseji unazisoma bila kujibu. Mama anaendeleaje na goti lake? Mvua imefika Butiama, au bado mnayaangalia mawingu yakipita kwenda Musoma? Mimi mwili ni mzima. Baridi ya huku Leipzig imeanza kulegea na kazi ilikuwepo ya kutosha. Roho ndiyo haijatulia.

Nianze na unalolijua, ndipo nifike kwa usilolijua. Programu ya josho, ya kuwekea kumbukumbu za ng'ombe wanaoogeshwa dawa ya kupe, tuliianza sisi wawili mezani kwako, wewe ukitoka kufundisha hesabu, mimi nikiwa likizo ya chuo. Wewe uliandika sehemu ya kwanza, ile inayomtambua ng'ombe kwa rangi na mabaka yake, kwa sababu marehemu Baba hakuwahi kumwita ng'ombe kwa namba. Tukaiweka wazi mtandaoni iwe programu huria: anayetaka aichukue, airekebishe, amgawie na mwenzake. Vijana wa Musoma wakaongeza sehemu ya chanjo. Mwalimu mwenzako wa Bunda akaifanya iende kwenye simu ndogo hata pasipo na mtandao. Mzee Mafuru, mtunza josho wa Bugwema, hakuandika hata mstari mmoja, lakini ndiye aliyetupa majina ya rangi ambayo hata sisi watoto wa wafugaji tulikuwa hatuyajui.

Kampuni ya huku iliniajiri kwa ajili ya programu hiyo. Wanauza hereni za kielektroniki za ng'ombe. Wakasema wangeweka watu wa kuilea vizuri, ila wanasheria wao hawagusi kitu chenye wenyewe wengi. Kila aliyechangia asaini kunipa hakimiliki ya kazi yake, aliyoifanya na atakayoifanya, nami niwakabidhi wao zote. Zipo jumuiya zinazokusanya hakimiliki hivyo kwa nia njema, ili awepo mmoja wa kuitetea programu ikidhulumiwa. Ndivyo nilivyojiambia. Ukweli ni kwamba nilitaka ukubwa, kaka. Nilitaka kuitwa mwenye programu.

Ndipo nikaja likizo, tukakaa kikao darasani pale Bugwema. Unajua kwetu mtu akifika kikaoni anaulizia karatasi ya mahudhurio kabla hata hajapata pa kukaa. Mkataba ulikuwa kurasa tatu za Kiingereza. Ukurasa wa mwisho niliuchorea jedwali: jina, kijiji, simu, saini. Nikaupitisha huo peke yake wakati mnakunywa chai.

Mzee Mafuru akauliza, "Binti yangu, hii ni ya mahudhurio?"

Nikamjibu, "Saini tu hapo, mzee, ni taratibu."

Wewe ukacheka. "Huyu Ulaya imemnyoosha! Zamani alikuwaga hataki hata kuandika majina ya watu." Ukasaini wa kwanza, na wengine wakasaini kwa sababu wewe umesaini.

Nimejipoza muda mrefu kwamba sikusema uongo wowote. Lakini nilijua mnachodhani, na jedwali lile nililichora lifanane na mahudhurio nikiwa na akili zangu timamu. Ningewaeleza, wewe ungeuliza maswali, na Mzee Mafuru angesema tuahirishe akafikirie. Mimi nilikuwa na tiketi ya ndege ya Jumatano.

Yaliyofuata yamewapata ninyi kuliko mimi. Toleo jipya likatoka halifunguki mpaka ng'ombe awe na hereni zao. Nilipouliza, meneja wangu alinijibu kwa upole kwamba uamuzi si wangu tena. Na kweli, nilikuwa nimewakabidhi hata jina la programu na nywila zote. Ninyi mkachukua nakala ya mwisho iliyokuwa huru, mkaipa jina jingine, mkaendelea nayo. Ukanipigia ile mara ya mwisho. "Nyangeta, sisi hatukukataa wazungu. Tungekaa, tungeongea. Lakini mzee ananiulizaga mimi, siyo wewe. Mimi nimwambie nini?" Nikakata nikisingizia mtandao. Mtandao ulikuwa mzuri tu.

Sasa usilolijua. Kampuni inataka kuisimamisha nakala yenu. Wanadai kazi yote mliyoifanya baada ya kusaini, hasa mliyoyaongeza kwenye sehemu ya chanjo, ilikuwa mali yao kabla hamjaiweka wazi, kwa hiyo hamkuwa na ruhusa ya kuigawa. Wiki iliyopita wakaniletea karatasi nithibitishe kwamba kila aliyesaini alielezwa na akaelewa.

Nilikaa nayo siku mbili. Kibali changu cha kuishi huku kinategemea kazi hii, na uoga nilikuwa nao, sitakuficha. Mwisho nikaandika ya kwangu: kwamba mlidhani ni mahudhurio, kwamba karatasi ya saini niliitengeneza ifanane nayo makusudi, na kwamba Mzee Mafuru aliniuliza waziwazi nikamkwepa. Nimeikabidhi jana. Meneja aliisoma mara mbili, akaniambia niende nyumbani mpaka nitakapoitwa. Nakala ya maelezo hayo, yenye saini yangu, imo humu kwenye bahasha. Mpeni wakili mtakayempata Musoma, na asiniogopee aibu.

Msamaha siuombi kwa karatasi. Naomba umsomee Mzee Mafuru barua hii yote, bila kuruka panaponivua nguo. Alistahili jibu siku ile ile.

Mama mwambie nampenda na nitampigia Jumapili akitoka kanisani. Habari ya kibali nitamwambia mwenyewe. Msalimie wifi yangu, mama wa nyumba yako, ambaye alitupikia bila kununa tulipogeuza meza yake kuwa ofisi. Shangazi wa Murangi, mkaanga samaki wetu, mwambie huku samaki wapo ila hawana ladha. Watoto wabusu wote.

Jambo la mwisho. Nimekuwa nikiisoma nakala yenu. Ng'ombe akizaa mapacha, inaandika ndama mmoja. Nimesahihisha na kuituma pale mnapopokelea kazi za wageni, na mimi nimejiandika mgeni. Ikague mstari kwa mstari kama ya mtu usiyemjua. Isipokuridhisha, ikatae.

Mdogo wako,
Nyangeta