Mkono Uliozoea Penseli

Nyumbani kwa dada yako,
Nyuma ya duka la rangi,
Jumamosi, 14 Juni.

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo wewe, na wifi yangu, na wanangu wote? Kile kifua kimepoa? Usinijibu "nafuu kidogo" kama kawaida yako, niambie ukweli. Sisi huku tu wazima, ila leo roho yangu iko juu.

Ninavyokuandikia, mpwa wako yuko kwenye jaribio. Unajua kazi yake ni kuchora milango na madirisha pale karakana ya vyuma, mafundi wapate kukata na kuchomelea. Siku zote ni penseli na rula. Sasa bosi kaleta kompyuta, kasema asiyeweza kuchorea mlango humo leo, kazi basi. Na nyumba hii, mdogo wangu, imeegemea mikono ya mtoto huyo.

Shida ni kile kidude wanachokiita kipanya. Mwanzo nilicheka: wenzetu wanafukuza panya, sisi tunajifunza kumshika! Kumbe si mchezo. Mkono wa penseli ukianza mstari hauachii mpaka mwisho. Kipanya hakitaki hivyo. Unabofya, unaachia, unasogeza, ndipo unabofya tena. Yeye anabana tu kitufe, na mstari unakataa.

Kompyuta hatuna, basi kajifunzia mezani kwa kipande cha sabuni. Mimi nakunja nguo huku namwimbia: bofya, achia, sogeza, bofya! Akisahau namkemea, "Achia, mwanangu, achia!" Jirani akaja mbio kutuamua, alidhani tunapigana.

Ngoja, kuna mtu anabisha hodi.

Siye. Ni jirani, anaazima pasi. Jua linapanda na mtoto harudi.

Mdogo wangu, karudi! Naandika huku ananisimulia, usishangae mwandiko.

Anasema mlango ulikuwa karibu kwisha, kidole kikateleza kwenye kigurudumu cha kipanya, mchoro wote ukatoweka. Kioo cheupe pe! Bosi akanyoosha mkono: "Umeshaufuta. Toka hapo." Mwanangu, ambaye hajawahi kumjibu mkubwa, akasema, "Bosi, niachie." Akakirudisha kigurudumu polepole. Kikatokea kidoa, kikawa kama chawa, kikakua, kikawa mlango na bawaba zake. Haukufutika. Ulikuwa umekwenda mbali tu.

Bosi akakagua vipimo, akasema, "Jumatatu uanze na madirisha." Basi.

Mimi machozi yakanitoka. Mtoto ananiambia, "Mama, utalia baadaye, nina njaa." Sasa hivi anakula, kasimama, hata kiti hakutaka.

Nisalimie wifi yangu, na wanangu, na yule mtundu Kidevu mwambie shangazi anamwaza. Mungu awafunike popote mlalapo, na kifua hicho akipe pumzi.

Ni mimi dada yako, nikupendaye bila kuchoka,
Mama wa mchoraji.