Ukungu Uliogeshwa

Jeonju, 14 Desemba

Kwako Dada Ok-bun,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na magoti yanakuruhusu kuchuchumaa kwenye mitungi yako ya kimchi, kabichi zako za kuchachusha. Sisi hatujambo, ila baridi inatutoa machozi.

Unajua kila mwaka mimi huwapeleka wanafunzi wangu wa chuo kwa Bibi Maeng, mtengenezaji wa mchuzi wa soya, wautafute wito wao kwa mikono. Hotuba yangu kuhusu mikono unaijua, uliwahi kuisinzia. Safari hii yupo binti mmoja, Gyu-ri, aliyekwisha kubadilisha masomo mara tatu. Kule alisahau hata simu. Aliponda soya zilizochemshwa, akaumba matofali, akayafunga kwa majani ya mpunga na kuyatundika kwenye chumba cha joto. Akaniambia hapo ndipo pake. Nilifurahi mpaka nikatoa hotuba nyingine.

Wiki mbili baadaye, tukiwa bado kwake, Bibi Maeng alirudi kutoka sokoni akakuta matofali yote arobaini yamesuguliwa kwa brashi, safi kama sahani. Ukungu wote, ambao ndio ladha yenyewe, ulikwenda na maji. Aliuliza ni mwendawazimu gani aliyeuogesha ukungu wake. Gyu-ri akainamisha kichwa, akasema ni yeye. Bibi akamwambia afungashe virago na asirudi. Binti alilia njia nzima.

Dada, nikwambie ukweli. Mimi ndiye niliyemwamuru. Nilidhani yameoza. Aliniuliza mara mbili kama nina hakika, nikamjibu mimi ni profesa. Alipokuwa akifukuzwa, mimi nilikuwa natazama dari.

Siku tatu nilijifungia ofisini. Ya nne nikaenda peke yangu kukiri. Bibi Maeng hata hakuinua macho. Alisema alijua toka siku ile, kwani mtoto yule hana ujinga wa kiasi kile. Ule ni ujinga wa kusomea. Alikuwa akingoja tu aone nitachukua siku ngapi. Amemrudisha Gyu-ri, tena kama mwanagenzi wake. Aliyefukuzwa ni mimi, mpaka nilete tofali nililoliumba mwenyewe, na ukungu wake juu.

Mama alipofundisha kazi hii, wewe ulipewa soya, mimi nikapewa kitabu. Uliacha shule ili nisome, nami miaka yote nimesifia mikono bila kukushukuru kwa yako. Naona aibu, Dada. Ahsante. Jumamosi nakuja kwa basi la asubuhi; nilowekee soya, na wanangu wasijue.

Nisalimie shemeji na majirani wote.

Ni mimi mdogo wako, na kuanzia Jumamosi mwanafunzi wako,
Bae Sun-cheol

Brashi naiacha nyumbani.