Usitutafutie Mahali Safi

Nyumbani, chumba cha nyuma,
Jumapili, baada ya kufua.

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo huko uliko? Baridi bado inakung'ata au imepungua? Wifi yangu hajambo? Na mwanao Kibogoyo, meno yameota au bado anatafuna vidole vyako? Sisi huku tu wazima, tunashukuru. Mafua yangu yameisha, lakini pua haijapata nafuu, na sababu utaisoma humu humu.

Nimezipata picha za gesti unayotaka kutulipia kwa safari ya pili. Nimeyaona mapazia meupe, mito iliyotuna na maua mezani. Nakushukuru kwa moyo wako. Jibu langu ni hapana, na usinune kabla hujafika mwisho wa barua.

Kwanza nikueleze safari ile ya kwanza, maana kwenye simu nilisema ilikuwa nzuri kwa sababu Mama alikuwa ananisikia. Ilikuwa kinyaa kitupu. Najua ulihangaika kutafuta pa bei nafuu, na safari za kwenda asubuhi na kurudi jioni, na matembezi ya mitaani yasiyo na kiingilio, ili tu Mama ainuke kwenye kile kiti cha dirishani. Tangu tumzike Baba amekuwa wa kukaa. Chakula anaonja tu, wageni hawaitikii, na daktari alishasema asipotembea miguu itasahau kazi yake. Niliogopa, mdogo wangu. Niliona namzika na yeye akiwa amekaa.

Basi tukafika. Ngazi za gesti yako zilikuwa zinanata, kila hatua kiatu kinataka kubaki nyuma. Mwenye nyumba nilimbandika jina la Hamna Shida, maana ndilo jibu lake kwa kila kitu. Choo hakivuti maji? Hamna shida. Sabuni ina nywele? Hamna shida. Na zilikuwa nywele za kila aina, ndefu kwa fupi, za ukoo mzima! Nikaupiga mto, ukatoa vumbi na harufu ya kichwa cha mtu nisiyemjua. Mimi ninayefua mashuka ya hospitali, niliyekwisha kuona kila kinachoweza kumtoka binadamu, nilitaka kutapika. Nililala na nguo zangu zote, soksi zikiwamo. Mama alikaa kwenye kiti cha plastiki akatazama ukuta. Tulikuwa tumembadilishia kiti tu.

Kesho yake tukapanda basi kwenda kwenye yale maporomoko uliyoyasifia. Jirani yangu wa kiti akavua viatu. Sitasema zaidi. Maporomoko yenyewe ni maji haba ya rangi ya chai yanayoshusha mifuko na nepi za watoto, na watu wamejipanga wanapiga picha huku wamebana pua. Nikamgeukia Mama nimwoneshe. Hakuinua hata uso. Tulirudi na kichefuchefu cha nepi kimechanganyika na cha kushindwa.

Tukakuta Hamna Shida ametubadilishia mashuka. Meupe kweli kweli. Lakini unatujua sisi madobi, na ni Mama huyo huyo aliyenifundisha kazi kabla hajastaafu: shuka haliaminiwi kwa weupe, hunuswa kwenye pindo, kwa sababu pindo ndilo hukauka mwisho. Likikunjwa bichi, hapo ndipo linapovunda. Nikanusa. Ilikuwa kama nimepigwa kofi. Halafu, kwa mazoea tu, nikamsogezea Mama lile pindo, kama tulivyokuwa tukifanya kazini mmoja wetu anapokuwa na shaka.

Akanusa. Mdogo wangu, Mama akasimama.

"Nani kakunja hili?" Sauti ile ile iliyokuwa ikitutoa vitandani siku za shule.

Hamna Shida akaitwa. Alianza jibu lake, hakulimaliza. "Shida ipo, baba, tena umeitandika kitandani," Mama alimwambia. "Lete beseni."

Kuanzia hapo mpango wako ukafa, pamoja na safari za mashua na makumbusho ulizotupangia. Matembezi ya mitaani ndiyo yaliyobaki, ila yalikuwa ya kutafuta sabuni. Mama alinizungusha duka hadi duka, kwa miguu yake mwenyewe, akinusa, akirudisha, akigombana na wauzaji, na mimi nyuma nahema. Tulifua mashuka ya gesti nzima. Mgeni mmoja akatudhania wafanyakazi, akampa Mama taulo lenye madoa ambayo sitaki hata kuyafikiria. Mama akalipokea, akamtuma akalete na soksi. Likizo yangu ya mwaka nimeimalizia kwenye kusugua choo cha watu nisiowajua, na mpaka leo nikishika kijiko nauona mtaro wa maji machafu ya kile choo. Lakini Mama alimaliza sahani yake akaniomba na yangu.

Tukarudi nyumbani. Nyumba hii naisafisha mwenyewe, unanijua nilivyo. Mama akaingia, akaangalia huku na huku, hakukuta kosa, akaenda kukaa kwenye kiti chake. Nilijifungia jikoni nikalia.

Ndipo nikafanya jambo ambalo usimwambie mtu yeyote kazini kwangu. Nilikunja mashuka yetu yakiwa mabichi, makusudi, nikayabana kabatini, kisha nikayatandika. Mimi! Nililalia uvundo huku ngozi inanisisimka. Asubuhi nikasikia naitwa mchafu, na beseni linaburutwa uani. Tangu siku hiyo sijaacha. Sasa naacha na masufuria yagande mafuta, napita nimefumba macho. Mama ameshamweleza Shangazi kwamba nimeanza kuzeeka vibaya, na unamjua Shangazi, mtaa mzima umeshapata habari.

Kwa hiyo, nakuomba, usitutafutie mahali safi. Tafuta pengine pa bei ile ile, penye picha za gizagiza, ambapo waliolala wamelalamika kwa hasira. Pawe na maduka ya kuzungukia kwa miguu na kamba ndefu ya kuanikia. Maporomoko achana nayo.

Shangazi anakusalimu, na Mjomba Kelele anaulizia redio uliyomwahidi. Nisalimie wifi yangu, na Kibogoyo mpakate kwa niaba yangu. Mama anakusalimu sana. Amenipa salamu hizo akiwa amesimama, povu limemfika viwikoni. Mungu akufunike wewe na nyumba yako. Ila fanya haraka, mdogo wangu: shuka la leo limeanza kuota ukungu, na wa kulilalia ni mimi.

Ni dada yako, nikupendaye huku nanuka.